John McKenzie: Aliyeshuhudia Dhuluma Akiwa Mtoto

Kila ninapofundisha historia ya ardhi, huwauliza wanafunzi swali moja katika wiki ya kwanza: mtu aliyeonja dhuluma ya ardhi, siku akikabidhiwa wizara ya ardhi, atafanya nini? Wengi hujibu bila kusita kwamba atatenda haki, kwa kuwa uchungu wake anaujua. Husaidiwa na wahenga, waliosema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wachache, na aghalabu ni wale waliokulia katika vijiji vyenye migogoro ya mipaka, hubaki kimya. Mwaka huu mmoja wao alinyosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, sawa atashtuka. Lakini atashtuka kwa niaba ya nani?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Makala haya ndiyo jibu langu, na nimeamua kulitoa kupitia maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuhusika na Afrika: John McKenzie, mtoto wa mkulima mpangaji kutoka Uskoti, aliyehamia New Zealand akiwa kijana, akachunga kondoo, akaingia katika siasa za walowezi na hatimaye akawa Waziri wa Ardhi kwa takriban miaka kumi. Nimemchagua kwa makusudi. Tukizungumzia viongozi wetu wenyewe, mjadala hugeuka haraka kuwa wa vyama na makabila. Tukimtazama Mskoti wa karne ya 19, huenda tukaliona jambo lenyewe kwa utulivu zaidi.

Uwanja wa kanisa la Croick

McKenzie alizaliwa mwezi Oktoba 1839 huko Ardross, mashariki mwa eneo la Ross, katika Nyanda za Juu za Uskoti. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigaeli. Baba yake alilima ardhi isiyokuwa yake, na hilo ndilo lililokuwa hali ya karibu kila mtu aliyewazunguka. Familia ziliishi mabondeni kwa vizazi, zikilima vishamba na kuchunga ng'ombe wachache, lakini kisheria bonde zima lilikuwa mali ya kabaila mmoja.

Zamani kabaila huyo alikuwa pia mkuu wa ukoo. Alihitaji watu wengi katika ardhi yake kwa sababu watu hao ndio waliokuwa jeshi lake. Baada ya uasi wa 1745 na 1746 kuvunjwa na koo kupokonywa nguvu za kijeshi, haja ya askari ilikwisha na ikabaki haja ya fedha. Kondoo walileta fedha kuliko watu. Basi kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, vijiji vizima viliondolewa ili kupisha malisho ya kondoo. Wengine walisukumwa pwani wakajifunze uvuvi, wengine wakaenda viwandani, wengine wakapanda meli kwenda Kanada, Australia na New Zealand.

Si kwamba walinyamaza. Mwaka 1792 wanaume wa Ross, wakiwamo watu wa bonde la Strathrusdale lililo jirani na Ardross, walikusanya maelfu ya kondoo wa matajiri na kuanza kuwaswaga kuwatoa nje ya eneo lao. Askari walitumwa, na harakati hizo zikazimwa. Katika kumbukumbu za Kigaeli mwaka huo huitwa Mwaka wa Kondoo. McKenzie alizaliwa mahali ambapo wazee walikuwa bado wanausimulia.

Kisha likaja tukio ambalo wasifu wake wote huanza nalo. Mwezi Mei 1845, wapangaji wa bonde la Glencalvie, takriban watu 90, waliondolewa makwao. Hawakuwa na deni la kodi. Hawakuwa wamevunja sheria. Kwa kukosa pa kwenda, walijihifadhi katika uwanja wa kanisa dogo la Croick, kati ya makaburi, chini ya vibanda vya maturubai na mablanketi. Gazeti la The Times la London lilituma mwandishi wake, na habari zikaenea Uingereza nzima. Baadhi ya waliofukuzwa walikwaruza maneno mafupi kwenye vioo vya madirisha ya kanisa, na maneno hayo yanasomeka hadi leo. Mojawapo huwaita watu wa Glencalvie kizazi kiovu. Yaani walipotafuta sababu ya yaliyowapata, walijilaumu wenyewe na dhambi zao, si kabaila.

Inasimuliwa kwamba John McKenzie, akiwa na umri wa miaka mitano, alipita hapo na baba yake akawaona watu wale. Hakusahau.

Kabla hatujaondoka Uskoti, nawaomba wasomaji wazingatie lugha ya makabaila. Hawakusema, "Tunawanyang'anya." Walisema wanaleta maendeleo. Walisema ardhi ilikuwa haitumiki ipasavyo, kwamba wapangaji walikuwa wavivu, kilimo chao ni cha kizamani, na kwamba taifa linahitaji sufi na nyama. Kwa hoja hiyo, mwenye haki ya ardhi ni yule anayeweza kuizalishia zaidi. Hoja hiyo tutakutana nayo tena, ikitoka kwa mtu ambaye hatukumtarajia.

Mchungaji wa kondoo anakuwa mwanasiasa

Mwaka 1860, akiwa na miaka 20 na mke aliyemwoa mwaka huohuo, McKenzie alisafiri kwa meli hadi Otago, kusini mwa New Zealand. Alipata kazi ya kuchunga kondoo katika shamba la Puketapu, karibu na mji mdogo wa Palmerston, kisha akapanda na kuwa msimamizi. Baadaye alijipatia shamba lake mwenyewe katika bonde la Mto Shag. Alikuwa mtu wa umbo kubwa, na Kiingereza chake kilibaki na lafudhi nzito ya Kigaeli maisha yake yote.

Siasa alizianza pale zinapoanzia sehemu mpya zilizovamiwa na walowezi: barabara, shule, mipaka ya mashamba. Alikuwa karani wa bodi ya barabara, akaingia Baraza la Jimbo la Otago katika miaka ya 1870, na mwaka 1881 akachaguliwa kuwa mbunge.

Alichokikuta New Zealand kilimfadhaisha. Alikuwa amevuka bahari kuwakimbia makabaila, akawakuta wamemtangulia. Sehemu kubwa ya nyanda za Kisiwa cha Kusini ilikuwa mikononi mwa wamiliki wachache wa mashamba ya kondoo. Sheria zilizokusudiwa kuwapa wakulima wadogo viwanja zilikwepwa kwa njia ambayo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana: tajiri aliandikisha viwanja kwa majina ya wafanyakazi wake, ndugu zake na watu aliowalipa, kisha vyote vikarudi kwake kimyakimya. Wengine walinunua vipande vyenye maji tu, na eneo lote lililozunguka vipande hivyo likakosa thamani kwa mtu mwingine yeyote. Bungeni McKenzie alijijengea jina kwa kuwaanika watu hawa.

Mwishoni mwa 1890 chama cha Liberal kilishinda uchaguzi, na mwezi Januari 1891 John Ballance akaunda serikali. McKenzie akawa Waziri wa Ardhi. Ballance alipofariki mwaka 1893, nafasi yake ilichukuliwa na Richard Seddon, na McKenzie akaendelea na wizara hiyo mpaka maradhi yalipomlazimisha kujiuzulu mwaka 1900.

Kazi ya waziri

Ni lazima tumpe haki yake, kwa sababu kazi aliyoifanya haikuwa ndogo. Sheria ya Ardhi ya 1892 iliweka ukomo wa ardhi ya serikali ambayo mtu mmoja angeweza kupewa: ekari 640 za ardhi ya daraja la kwanza, au ekari 2,000 za daraja la pili. Ilianzisha pia upangaji wa miaka 999. Mkulima asiye na mtaji hakulazimika kununua ardhi. Alilipa serikali asilimia 4 ya thamani yake kila mwaka, kwa sharti kwamba aishi hapo na aiendeleze. McKenzie alitaka kodi ipitiwe upya kila baada ya muda ili jamii nzima ifaidi kupanda kwa thamani ya ardhi, lakini kipengele hicho kilimshinda mbele ya upinzani wa wenye mali.

Mwaka 1893 ndipo jina lake lilipovuma. Kaskazini mwa Canterbury kulikuwa na shamba liitwalo Cheviot, ekari zipatazo 84,000, lililokuwa la tajiri William Robinson. Watu walimpa Robinson jina la utani lenye maana ya "fedha taslimu". Baada ya kifo chake wasimamizi wa mirathi walilalamika kwamba serikali imelithamini shamba kwa bei kubwa mno ili itoze kodi kubwa. Sheria ya kodi ya 1891 ilikuwa na kipengele kizuri sana: mmiliki akisisitiza kwamba mali yake ina thamani ndogo, serikali inaweza kuikubali thamani hiyo, au kuinunua mali kwa bei hiyohiyo aliyoitaja. Serikali ikanunua, kwa takriban pauni 260,000. Shamba lililokuwa na makumi ya maelfu ya kondoo na watu wachache likakatwa viwanja, likajaa familia, na mji uliochipuka katikati yake ukaitwa Mackenzie. Kwa mtoto wa Ross, ilikuwa kama kuiona Glencalvie ikigeuzwa: kondoo wanaondoka, watu wanarudi.

Mwaka 1894 sheria mpya iliiruhusu serikali kununua mashamba makubwa hata kama mmiliki hataki, kwa kulipa fidia. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya mikopo nafuu kwa walowezi. Wizara ya Kilimo, iliyoundwa mwaka 1892 chini yake, ilisimamia ubora wa siagi, jibini na nyama. Jambo hili la mwisho lisipuuzwe. Mwaka 1882 meli ya kwanza yenye nyama iliyogandishwa ilikuwa imetoka Otago kwenda London. Kabla ya hapo mwenye ekari 200 hakuwa na mengi ya kuuza ng'ambo. Sufi ilihitaji maelfu ya ekari. Jokofu la melini ndilo lililomfanya mkulima mdogo aweze kuishi, na sheria za McKenzie zikampa ardhi wakati soko lilikuwa tayari. Viongozi wetu wanaogawa mashamba bila kufikiria soko wangefaa kulisoma fungu hili mara mbili.

Katika miongo miwili ya utawala wa Liberal, zaidi ya ekari milioni moja za mashamba makubwa zilinunuliwa na kugawanywa. Kama hadithi ingeishia hapa, jibu la wanafunzi wangu wengi lingekuwa sahihi.

Shamba kubwa kuliko yote

Haiishii hapa. Katika kipindi hichohicho, kati ya 1891 na 1911, serikali ilinunua takriban ekari milioni 3.1 kutoka kwa Wamaori, wenyeji wa nchi ile, na wanunuzi binafsi wakachukua nyingine zipatazo nusu milioni. Wakati Liberal wanaingia madarakani Wamaori walikuwa wamebaki na takriban ekari milioni 11 katika Kisiwa cha Kaskazini. Miaka 20 baadaye walikuwa na milioni 7 hivi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za milima au zilizofungwa kwenye mikataba ya upangaji. Sehemu kubwa ya ununuzi huu ilifanyika McKenzie akiwa waziri. Kwa maneno mengine, mlowezi mdogo aliyesifiwa kama tunda la vita dhidi ya makabaila alipewa zaidi ardhi ya Wamaori kuliko ardhi ya makabaila.

Bei nazo zinasema. Cheviot ilinunuliwa kwa wastani wa pauni 3 kwa ekari. Ardhi ya Wamaori ilinunuliwa kwa shilingi chache tu kwa ekari, wakati pauni moja ilikuwa shilingi 20. Ni kweli kwamba Cheviot ilikuwa imeendelezwa na kwamba misitu ya kaskazini ilikuwa mbali na bandari. Lakini tofauti kubwa ilitokana na sheria. Kabaila wa Canterbury aliuza katika soko huria na, aliponyang'anywa, alilipwa fidia mbele ya mahakama. Mmaori, kwa sheria ya 1894 iliyorudisha ukiritimba wa serikali, hakuruhusiwa kumuuzia wala kumpangishia mtu mwingine yeyote. Mnunuzi akiwa mmoja, bei huipanga yeye.

Tuitazame mitambo yenyewe, kwa kuwa watumishi wa umma wanaosoma hapa watatambua namna karatasi inavyoweza kufanya kazi ya bunduki. Mahakama ya Ardhi ya Wenyeji, iliyoanzishwa katika miaka ya 1860, ilichukua ardhi iliyomilikiwa na koo kwa pamoja na kuigeuza kuwa orodha ya majina. Kila jina likawa na fungu, na kila fungu likaweza kuuzwa peke yake. Wakala wa serikali hakuhitaji tena ridhaa ya ukoo. Alimfuata mmoja aliyefiwa, mwingine mwenye deni dukani, wa tatu aliyeondoka kijijini, akakusanya mafungu mpaka akawa na haki ya kudai ardhi ikatwe. Vikao vya mahakama vilifanyika mijini. Watu walipiga kambi huko kwa wiki nyingi, wakila kwa mkopo, na mikopo ikalipwa kwa ardhi. Gharama za upimaji nazo zilidaiwa juu ya ardhi hiyohiyo. Na ile mikopo nafuu ya walowezi? Ardhi yenye wamiliki mamia katika hati moja haikukubalika kama dhamana, hivyo Mmaori aliyetaka kulima kisasa alibaki nje, kisha akashutumiwa kwamba halimi.

McKenzie alilionaje jambo hili? Mwanahistoria Tom Brooking, aliyeandika wasifu wake mkubwa, ameonyesha kwamba kwa McKenzie na wenzake ardhi ya Wamaori ilikuwa shamba kubwa kuliko yote, lililopaswa kuvunjwa kama yale ya akina Robinson. Hapo ndipo lilipo kosa lake, na si kosa la unafiki wa kawaida. Alimtazama Mmaori akamwona kabaila: mwenye ardhi nyingi asiyeitumia. Hakumwona mpangaji wa Glencalvie, yaani mtu aliyeishi bondeni kwa vizazi, ambaye sheria ya wenye nguvu imeamua kwamba matumizi yake si matumizi. Uchungu wa utotoni ulimfundisha kumchukia kabaila. Haukumfundisha kuitilia shaka hoja ya kabaila. Aliichukua ile hoja ya ardhi isiyotumika, iliyowaondoa watu wake, akaigeuzia kwa wengine, akiamini kwa moyo safi kwamba anatenda haki.

Je, tumwache kwa kuwa alikuwa mtu wa zama zake?

Nimesikia utetezi wa namna mbili. Wa kwanza unasema Wamaori waliuza kwa hiari. Nimekwishaeleza hiari hiyo ilikuwa ya namna gani. Hata watu wa Glencalvie, kisheria, walipewa notisi.

Wa pili unasema tusimpime mtu wa 1894 kwa vipimo vya leo. Hoja hii ingekuwa na uzito kama hakungekuwa na mtu wa 1894 aliyesema vinginevyo. Wamaori walikuwa na viti vinne bungeni tangu 1867. Mwaka 1892 walianzisha bunge lao, Te Kotahitanga, lenye maana ya umoja, na mojawapo ya madai yake makuu ilikuwa kuondolewa kwa Mahakama ya Ardhi. Mwaka 1895 liliwataka watu waisusie. Mwaka 1894 mbunge kijana Hone Heke Ngapua aliwasilisha muswada wa haki za wenyeji, uliotaka Wamaori wajitungie sheria za ardhi yao. Wabunge wengi wa kizungu walitoka ukumbini, akidi ikapungua, mjadala ukafa. Sauti ilikuwapo. Waliotoka nje walifanya hivyo ili wasiisikie, na mtu hahitaji kuikimbia sauti ambayo zama zake hazijaizaa.

Baadaye James Carroll, aliyekuwa na asili ya Kimaori na akawa waziri wa mambo ya wenyeji mwaka 1899, alifanikiwa kupunguza kasi ya ununuzi kwa sheria ya 1900 iliyokusudia Wamaori wapangishe badala ya kuuza. Kwa hiyo njia nyingine ilikuwapo ndani ya serikali ileile.

Siku za mwisho

McKenzie alikuwa akiugua saratani. Alikwenda London kutibiwa mwaka 1899, akarudi, akajiuzulu mwaka 1900. Katikati ya 1901 mwana wa mfalme, ambaye baadaye angekuwa Mfalme George wa Tano, alipokuwa akizuru New Zealand, alimtunukia cheo cha Sir ndani ya garimoshi, karibu na shamba lake. Wiki chache baadaye, tarehe 6 Agosti 1901, alifariki nyumbani. Mnara wa mawe wa kumkumbuka unasimama juu ya kilima cha Puketapu, palepale alipoanza kama mchungaji wa kondoo, na huonekana kutoka mbali.

Urithi wake ulikwenda njia ambazo hakuzitarajia. Wapangaji wake wa miaka 999 hawakutaka kubaki wapangaji. Walipopata nguvu walimuunga mkono William Massey, aliyeingia madarakani 1912 na kuwapa haki ya kununua viwanja vyao moja kwa moja. Kwa upande wa Wamaori, Baraza la Waitangi liliundwa 1975, na tangu 1985 limeruhusiwa kuchunguza madai hadi mwaka 1840, ulipotiwa saini mkataba uliowaahidi wenyeji ardhi yao. Kabila la Ngāi Tahu, lililomiliki sehemu kubwa ya Kisiwa cha Kusini kabla ya Robinson na kabla ya McKenzie, lilifikia makubaliano na serikali mwaka 1998: dola za New Zealand milioni 170 pamoja na maombi rasmi ya radhi. Ardhi yenyewe, kwa sehemu kubwa, haikurudi.

Inatuhusu nini?

Ile namba ya miaka 999 haikuishia New Zealand. Mwaka 1915 sheria ya ardhi ya Kenya iliwapa walowezi upangaji wa miaka hiyohiyo katika nyanda za juu. Huku kwetu Tanganyika, mwaka 1951, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili kupisha ufugaji wa kizungu, na Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata kuwasemea. Ukiusoma mkasa wa Wameru baada ya kuusoma ule wa Glencalvie, unabaki ukibadilisha majina tu: ng'ombe badala ya kondoo.

Lakini hayo ni ya wakoloni, na kuwalaumu wakoloni ni rahisi. Linalonikera ni la kwetu. Sheria ya Ardhi ya 1999, katika tafsiri ya ardhi ya jumla, inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo haina maneno hayo. Wanasheria wamelijadili pengo hilo kwa miaka mingi. Mimi si mwanasheria. Nauliza kama mwanahistoria: nani huamua kwamba ardhi haitumiki? Nyanda ambazo mfugaji huzirudia wakati wa kiangazi zinatumika au hazitumiki? Msitu ambao akina mama huchuma dawa na kuni? Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba? Kabaila wa Ross alijibu kwamba hazitumiki. McKenzie, mtoto wa Ross, akajibu vilevile. Ofisa wetu, mjukuu wa aliyehamishwa, naye anaweza kujibu hivyo akiwa na nia njema kabisa na mwekezaji mezani.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Aliuliza: atashtuka kwa niaba ya nani? Maisha ya McKenzie yanajibu kwamba, asipojilazimisha, mtu hushtuka kwa niaba ya wanaofanana naye. Kumbukumbu ya mateso haitoshi kuwa sera. Ndiyo maana siridhiki ninaposikia kiongozi akisifiwa kwamba atatetea ardhi ya wanyonge kwa sababu "ametoka huko". McKenzie alitoka huko. Kilichokosekana New Zealand ya 1894 ni Mmaori kuwa na uwezo kisheria wa kukataa kuuza, soko la kumpa bei, mahakama iliyo karibu naye, na bunge lisilotoka nje anapozungumza. Hivi ni vitu vinavyoweza kudaiwa kwa majina, kuandikwa katika muswada na kukaguliwa.

Kwa wanaharakati wanaosoma hapa: tunapodai mashamba makubwa yaliyotelekezwa yagawiwe wananchi, na tunadai kwa haki, tuulize mapema ni nani alikuwa hapo kabla ya shamba, na nani huwa hapo kwa msimu. Kwa watumishi wa wizara na halmashauri: kabla ya kuandika neno "wazi" kwenye ramani, nendeni mkae huko mwaka mzima, masika na kiangazi. Na kwa wanafunzi wangu: swali la mwenzenu litakuwamo kwenye mtihani, na sitakubali jibu la methali peke yake.